Mgeni Rasmi wa Shule ya Tulieni

Jina la nchi yetu silitaji. Si kwamba nimelisahau, la hasha. Sheria inasema anayelitaja awe amesimama wima na viatu vimefungwa kamba, na mimi hapa nimekaa, magoti yananiuma, na miguuni nina ndala. Mtaniwia radhi. Tuiite nchi, inatosha. Wenyewe mnaijua.

Nimeagizwa kuandika wasifu wa Mheshimiwa Msabaha Kitundumo, mbunge wetu wa vipindi vitatu, mtetezi wa elimu, ambaye wiki ijayo anaapishwa kuwa Waziri wa Elimu. Barua ya maagizo inasema wasifu uwe wa kweli na uwe wa kusifu, na pale ambapo kweli na sifa zitakosana, mwandishi atumie busara. Nimechaguliwa mimi, Mwalimu Mkuu mstaafu wa Shule ya Msingi Tulieni, kwa kuwa, barua inasema, "unamfahamu Mheshimiwa kwa karibu". Ni kweli. Nimewahi kumshikia mwavuli mara mbili.

Kuna watakaosema Mwalimu naye kageuka chawa. Wacha waseme. Watasema mchana, usiku watalala.

*

Mheshimiwa aliingia kwenye siasa kwa njia ya machozi. Kabla ya hapo alikuwa na duka la mabati, na hakuna aliyewahi kumwona akilia hata siku mabati yalipopanda bei. Lakini alipokuja Tulieni kuomba kura, nilimpitisha kwenye darasa la kwanza. Chumba hicho kilijengwa na wazazi kwa matofali ya udongo, mwaka ambao hata udongo ulikuwa haba. Watoto walikuwa wamekaa chini, juu ya magunia, na ukutani palikuwa na ufa mwembamba kama uzi. Mheshimiwa akatazama watoto, akatazama ufa, akaangua kilio.

Jamani, alilia! Wapambe wake wawili walimshika kwapani. Alilia mpaka watoto nao wakaanza kulia, bila kujua msiba ni wa nani. Kisha akanyanyua mkono juu akasema, "Watoto hawa nitawatoa humu ndani! Naapa mbele ya mama zao!"

Sisi wa Tulieni tulikuwa hatujawahi kuliliwa na mtu mkubwa. Wagombea wengine walituletea kofia na khanga, wakaenda zao. Bibi mmoja akasema, "Huyu ana huruma, tumpeni." Tukampa. Baadaye nilisikia kwamba siku ile alilia katika vijiji kumi na tisa, na kote alilia sawasawa, hakupendelea kijiji.

*

Bungeni alipewa uenyekiti wa Kamati ya Kudumu ya Elimu, Fikra na Mambo Yanayofanana na Hayo. Hapo ndipo nyota yake ilipowaka.

Mwaka wake wa kwanza watoto wa nchi nzima walifeli hesabu. Walifeli mpaka ikawa aibu kusoma matokeo redioni, ikabidi yasomwe na mtangazaji wa habari za vifo. Wabunge wengine wakaanza kulaumu walimu, wengine wazazi, wengine jua. Mheshimiwa akasimama, akavua miwani.

"Mheshimiwa Spika," akasema, "mtihani mmoja, watoto laki sita. Laki sita wanasema hivi, mmoja anasema vile. Katika nchi ya demokrasia, hapo aliyefeli ni nani?"

Bunge likagonga meza mpaka glasi zikaanguka. Siku hiyohiyo ikapita sheria kwamba mtihani ukikosewa na wengi, uliofeli ni mtihani, nao utakariri darasa. Watoto waendelee mbele. Mtihani wa hesabu wa darasa la saba mpaka leo uko darasa la saba, unakwenda mwaka wa kumi na moja, na watoto uliowatahini wengine sasa ni wahasibu wa halmashauri.

Mwaka uliofuata akashughulikia upungufu wa walimu. Wakaguzi walikuwa wakifika shuleni wanakuta koti limetundikwa kwenye kiti, mwenyewe hayupo. Watu wasio na maono waliona hilo ni tatizo. Mheshimiwa akaona mwalimu. Sheria ya Makoti ilisema koti lililotundikwa vizuri, vifungo vyote vipo, lihesabiwe mwalimu mmoja. Kabla ya mwaka kuisha upungufu ulikwisha. Shule yangu ilikuwa na walimu watatu na makoti kumi na manne, na mkaguzi akatuandika kuwa shule yenye walimu wa kutosha. Koti moja lilipata cheti cha nidhamu, na sioni wivu, lilistahili. Halikuchelewa hata siku moja.

*

Lakini sheria iliyomfanya ajulikane mpaka nje ya mipaka ni Sheria ya Uzinduzi.

Mnajua desturi yetu. Kitu kipya hakitumiki mpaka aje mgeni rasmi akate utepe. Hata bomba likiwa limejaa maji na watu wana kiu, utepe kwanza. Zamani hiyo ilikuwa adabu tu, na mwenye haraka angeweza kujifanya hakuona utepe. Sasa siku moja Mheshimiwa alikwenda kuzindua darasa kijiji cha jirani, mkasi uko kwenye mto wa hariri, tarumbeta ziko nyuma. Kufika, akakuta utepe uko chini, na watoto wamo ndani wanasoma silabi. Mwalimu mkuu wao, mtu mmoja hivi mwepesi wa akili, alikuwa amewaingiza juzi yake eti kwa sababu ya jua kali.

Mheshimiwa hakulia siku ile.  Wapambe wanasema walitamani alie. Mwezi haukuisha, likatungwa Kosa la Kumtangulia Mgeni Rasmi. Darasa, choo, dawati, hata boksi la chaki, visiguswe mpaka vizinduliwe na mtu mwenye hadhi. Yule mwalimu mkuu alihamishiwa shule iliyoko kisiwani, na kisiwa chenyewe kinaonekana maji yakipwa tu. Lile darasa nalo likaambiwa lina nuksi, likafungwa siku arobaini, watu wakasema limekalishwa eda. Baada ya hapo Mheshimiwa akalizindua upya, na watoto wakaimbishwa wimbo wa kuomba radhi.

Mimi nilikuwepo siku hiyo. Nilimwona mwalimu mwenzangu akipanda boti na sanduku lake la bati. Nilikuwa nimebakiza miaka miwili kustaafu, na sijui kuogelea.

*

Sasa nifike kwetu. Tusimdhulumu Mheshimiwa, darasa alijenga. Alijenga kweli, vyumba viwili, bati jekundu, madirisha ya vioo, sakafu ya saruji unaweza kuandalia wali. Lilikamilika mwezi wa tatu. Afisa Elimu wetu wa kata, Bwana Ndimbwa, mtu mwembamba anayetembea na futi kamba mfukoni, alikuja akafunga utepe mwekundu mlangoni, akafunga kufuli, akanikabidhi ufunguo huku nikisaini mahali saba.

"Mwalimu Mkuu," akaniambia, "ufunguo huu ni amana ya taifa. Uzinduzi ni mwezi ujao. Mpaka hapo, hata wewe usichungulie dirishani."

"Nikichungulia?"

"Macho nayo yanatangulia, Mwalimu."

Nikautia mfukoni mwa suruali. Ulikaa hapo miezi minane, ukanitoboa mfuko, nikaushona, ukautoboa tena.

Mwezi wa nne tukajiandaa. Watoto wa darasa la kwanza, hamsini na wanane, walisimama juani toka saa kumi na mbili asubuhi wakiwa na ngonjera yao. Mama Somoe, mpika uji wa shule, akapika pilau ya wageni. Saa tisa alasiri ikaja pikipiki na ujumbe: Mheshimiwa amekwenda nje ya nchi kujifunza jinsi wenzetu wanavyoendesha shule. Alifika huko wakati wa likizo, na alirudi na ripoti nene kuhusu shule zilizofungwa. Pilau ililiwa na Bwana Ndimbwa na ujumbe wake. Watoto walinusa.

Mwezi wa sita wakasimama tena. Safari hii Bwana Ndimbwa mwenyewe ndiye aliyekuja mapema, akauangalia utepe, akashika kichwa. "Umepauka! Huu sasa ni wa waridi. Mtu wa hadhi ile akate utepe wa waridi?" Ukaagizwa mwingine. Mwezi wa nane wakasimama mara ya tatu, na mtoto mmoja akazimia, tukamweka kivulini. Ujumbe ukaja kwamba Mheshimiwa yuko makao makuu, anazindua Mwaka wa Uzinduzi.

Muda wote huo watoto walisoma kule kwenye matofali ya udongo, na ufa haukuwa tena kama uzi.

*

Mwalimu wa darasa la kwanza alikuwa Mwalimu Zawena. Kati ya walimu watatu niliokuwa nao, huyu ndiye asiyekuwa na koti. Msichana wa miaka ishirini na sita, sauti kubwa, mbishi, anajua kila mtoto alikula nini jana. Nilimpenda kama binti yangu na alinikera kila siku ya Mungu.

Mtoto aliyekaa jirani na ufa alikuwa Somoe, binti wa yule mpika uji. Miaka saba, mapengo mawili mbele, mdomo haufungi. Somoe alijipa kazi ya kuupima ufa. Kila asubuhi anatia vidole, kisha anatoa taarifa darasa zima likisikia. "Mwalimu, leo viwili!" Wiki mbili baadaye: "Mwalimu, leo vitatu na nusu!" Watoto wakapiga makofi, wakidhani ndiyo hesabu wanayofundishwa.

Zawena akaja ofisini kwangu.

"Mwalimu Mkuu, ufunguo uko wapi?"

"Ninao."

"Basi tufungulie."

"Mwalimu Zawena, tumeshaongea hili."

"Hatujaongea. Mimi nimeongea, wewe umekohoa." Akavuta kiti, akakaa bila kukaribishwa. "Ule ukuta unapumua, Mkuu. Nikiandika ubaoni naona vumbi linadondoka. Nina watoto hamsini na wanane mle. Nifungulie, kama kuna kesi nitasema niliuiba."

"Mwanangu," nikamwambia, "wewe ni kijana, utahamishwa utaanza upya. Mimi wakinipeleka kisiwani nitafia huko. Subiri kidogo. Tarehe itatoka."

"Na ukuta umeuambia usubiri?"

Nikakohoa.

Akaandika barua kwa Mheshimiwa. Akaandika tatu. Jibu lilikuja moja, lina mihuri miwili, likisema ofisi haiutambui ufa tajwa, kwa kuwa hakuna kumbukumbu kwamba ufa huo umewahi kukaguliwa na kiongozi yeyote. Mwalimu anashauriwa aache uchochezi. Zawena aliisoma mbele yangu kwa sauti, akaikunja vizuri, akaipachika kwenye ufa. Ikaingia yote pamoja na bahasha.

*

Nani anasema Mheshimiwa hasikii? Mwezi wa tisa alikuja mwenyewe.

Alikuja na magari matatu, akasimama uwanjani kwetu, nami ndipo niliposhika mwavuli mara ya kwanza. Wazazi walijaa. Kati ya alipokuwa amesimama na ule utepe mwekundu zilikuwa hatua ishirini, nilizihesabu kwa macho.

"Ndugu zangu wa Tulieni!" akaanza. "Nimesikia kuna maneno ya ufa. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Sasa niwaulize, ukuta si tumeshajenga?"

"Ndiyo!"

"Mpya au wa zamani?"

"Mpyaaa!"

"Basi ufa tuuzibe wa nini? Wahenga, Mungu awarehemu, walikuwa wanawatisha watu wasio na serikali. Mwenye serikali sikivu anaanza na ukuta. Ufa utajikuta hauna kazi ya kufanya, utaondoka wenyewe!"

Watu wakapiga vigelegele. Nilipiga makofi kwa mkono mmoja, kwenye paja, wa pili una mwavuli.

Zawena akasimama. Nilimvuta gauni, akanipiga kofi mkononi. "Mheshimiwa, tunashukuru. Kwa kuwa upo hapa, na utepe ule pale, tunaomba basi uukate leo watoto waingie."

  Mheshimiwa akacheka, kicheko kizuri cha mzazi.

"Mwalimu, mimi leo nimekuja kwa ukaguzi. Barua yangu inasema kukagua. Kuzindua ni kazi ya mgeni rasmi."

"Na mgeni rasmi ni nani, Mheshimiwa?"

"Ni mimi."

"Si ndiye huyu amekuja?"

"Hajaja," akasema Mheshimiwa, na uso wake ulikuwa na huruma ya kweli, kama anamweleza mtu mgeni mjini. "Akija mtamjua. Atakuja na tarumbeta."

Basi akakagua. Aliingia darasani kwa kuinama, wapiga picha nyuma yake. Somoe alikuwa mahali pake, na kwa kuwa mdomo wake haufungi, akasema, "Shikamoo babu. Angalia, ngumi inaingia." Akatia ngumi ukutani mpaka kwenye kifundo cha mkono. Mheshimiwa naye akatia yake, ikaingia. Wakapigwa picha hivyo, ngumi mbili kwenye ufa mmoja, mmoja ana mapengo na mwingine ana saa ya dhahabu.

"Babu, lini tutahamia kule kwenye bati jekundu?"

"Karibu sana, mjukuu wangu. Na huu msiuogope. Unaingiza hewa."

Gazeti la kesho yake liliandika kwamba Mheshimiwa ameupima ufa kwa mkono wake mwenyewe. Picha hiyo waliniletea nakala, na nimeagizwa niitie humu kwenye wasifu, ukurasa wa nne.

*

Mvua za mwisho wa mwaka zilianza na mwezi wa kumi na moja. Zawena hakuniuliza tena habari za ufunguo. Aliwatoa watoto wote kule kwenye udongo, akawakalisha kwenye kibaraza cha jengo jipya, chini ya upenu wa bati, migongo yao ikiegemea mlango uliofungwa. Walisoma hivyo siku nne. Nilipita nikajifanya naangalia mawingu.

Siku ya tano alikuja Bwana Ndimbwa. Akatoa futi kamba yake, akapima toka ukutani mpaka linapodondokea tone la maji ya bati, akaandika. "Kibaraza ni sehemu ya jengo," akasema. "Watoto hamsini na wanane wametangulia, kwa miguu mia moja na kumi na sita." Zawena akapewa barua ya onyo, nami nakala. Kwenye nakala yangu, kwa kalamu, Bwana Ndimbwa alikuwa ameongeza jina la kile kisiwa. Jina tu.

Zawena akawahamishia watoto uwanjani, chini ya mbingu.

Alhamisi, kama saa tatu asubuhi, mvua ikamwagika bila hata kupiga radi. Nilitoka na mwavuli. Watoto walikuwa wamejikusanya wanatetemeka, madaftari wameyatia ndani ya mashati.

"Mwalimu Zawena, waingize watoto ndani."

"Ndani wapi?"

"Ndani kwao. Watapata mafua hawa."

Hakubisha. Siku zote alibisha, siku hiyo hakubisha. Alinitazama usoni, kisha akatazama mfuko wa suruali yangu, ambapo ufunguo ulikuwa umechora alama yake kwenye kitambaa. "Sawa," akasema. "Nitawasogeza wote upande wa mlangoni, mimi nitakaa upande wa ukuta." Akawaongoza, mmoja mmoja, akiwahesabu vichwani kwa kuwagusa.

Barua inasema nitumie busara. Haya, natumia. Ukuta ulianguka saa tatu na nusu. Sikuusikia kama kishindo, niliusikia kama mtu mkubwa anakaa chini amechoka. Watoto hamsini na mmoja walitoka mlangoni. Zawena hakutoka. Na saba hawakutoka, akiwemo Somoe, ambaye wenzake walisema alikataa kusogea kwa kuwa alikuwa bado hajatoa taarifa ya siku hiyo.

Tulichimba kwa mikono. Mama Somoe alichimba kwa mwiko wa uji, na hakuna aliyeweza kumnyang'anya.

*

Miezi minane Mheshimiwa hakupata nafasi. Msibani alifika siku ileile, saa kumi alasiri. Mvua ilikuwa bado inanyesha. Tulikuwa tumewalaza kwenye mikeka uwanjani, tumewafunika khanga na juu yake turubai la halmashauri, na maji yalikuwa yanaingia chini ya mikeka. Daraja la kuelekea mjini lilikuwa limezama. Nyumba za watu ni vijumba vya udongo, na madarasa yetu mengine vilevile, nani angeamini ukuta wa udongo siku hiyo? Wazazi walitaka kitu kimoja tu, mahali pakavu pa kuwaosha na kuwakafini watoto wao.

Na pakavu palikuwepo. Hatua ishirini. Lakini Bwana Ndimbwa alikuwa amesimama mlangoni, mikono ameitandaza, analia kwelikweli, kamasi zinamtoka, na huku anasema, "Jamani, nawaombeni, msimtangulie. Yuko njiani. Nawaombeni jamani, nina watoto na mimi."

Tukangoja. Mpaka leo ninajiuliza tulingoja nini, watu mia mbili, mtu mmoja mwembamba. Lakini tulingoja.

Mheshimiwa akashuka garini. Nikashika mwavuli, mara ya pili. Akatazama mikeka, midomo ikamcheza, na nadhani kidogo aliguswa, maana hakutafuta kamera mara moja. Akasema, "Siwezi kuwaacha watoto wangu mvuani. Leteni mkasi."

Mkasi ukaletwa. Tarumbeta nazo zilikuwemo garini, na wapigaji, kwa mazoea, walipoona mkasi unang'aa wakapiga. Walipiga mstari mzima mmoja wa wimbo kabla mtu hajawanyamazisha. Mheshimiwa akakata utepe. Bwana Ndimbwa peke yake akapiga makofi, mara mbili, akaacha.

Nikashika ufunguo. Bwana Ndimbwa akaninong'oneza, "Kifungu cha tisa, Mwalimu." Kifungu cha tisa kinasema mlango haufunguliwi mpaka mwalimu mkuu aite majina ya wanafunzi watakaolitumia darasa siku hiyo, kwa mpangilio wa daftari, nao waitikie, ili mgeni rasmi ajue amemzindulia nani. Nikamtazama Mheshimiwa, nikidhani atasema achana nalo. Alikuwa amefunga mikono mbele, ameinamisha kichwa, anasubiri utaratibu.

Nikafungua daftari la mahudhurio. Nikaita la kwanza. Kimya, mvua tu. La pili. La tatu. Baba mmoja alikaa chini kwenye tope. Niliita sita hivyo, nikiacha nafasi baada ya kila jina, kama tunavyofanya darasani. Haki ya Mungu, niliacha nafasi.

"Somoe."

"Yupo," akasema mama yake. Alikuwa amembeba, hakumwacha kwenye mkeka kama wenzake, miguu imening'inia. "Yupo, Mwalimu Mkuu. Mfungulie."

Nikatia ufunguo. Haukuzunguka. Miezi minane ya umande na mvua, kufuli lilikuwa limeshika kutu mpaka ndani. Nikazungusha kulia, nikazungusha kushoto, nikafuta mikono kwenye shati, nikajaribu tena. Watu wote wananitazama. Nikalia, na huku nazungusha. Mheshimiwa akatazama saa.

Mlinzi wake akanishika bega, akanisogeza kando kwa upole, akaupiga mlango teke moja. Ukafunguka mpaka ukagonga ukuta wa ndani. Teke moja tu, tena wala si kubwa.

Mama Somoe akapita na mwanawe, akanitazama mimi. Mheshimiwa alikuwa amesimama pale pembeni yangu, lakini mama hakumwangalia yeye.